Wasifu wa Kaza, Aliyechovya Brashi kwenye Kopo la Shemeji Yake

Mchungaji, wazee wa kanisa, wanakwaya, mafundi wa gereji, majirani, na ninyi nyote mliovumilia jua hili: wasifu wa marehemu ndugu yetu unasomwa na dada yake mkubwa, kama alivyotaka mwenyewe. Alionywa mapema kwamba dada huyu hapunji kipimo, awe ananunua au anauza. Akaitikia kwa kichwa kwamba usomwe wote. Basi tusikilizane.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Kaza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na mfua nguo wa hospitali. Walikaa chumba kimoja kilichoshikana ukuta na tanuri la mikate. Wakati wa baridi ukuta ule ulikuwa baraka, wakati wa joto ulikuwa adhabu, na siku zote uliwalaza watoto na harufu ya mkate ambao haukuwa wao. Akiwa na miaka saba alifungua kitanda cha chuma cha wazazi wake ili aone kinashikwa na nini. Alikifunga tena kikasimama vizuri, ila nati moja ilibaki. Dada yake alipomuuliza, alijibu, "Hii ni ya ziada. Nishikie." Jioni ile shangazi yao alikuja kusalimia, akakikalia kitanda, kitanda kikampeleka sakafuni. Mifupa ya shangazi haikuumia, heshima yake iliumia sana. Baba alipoingia, alimkuta binti ameshika nati mkononi, akamchapa yeye. Mvulana alisimama mlangoni akiangalia, na hakusema neno. Hadithi hii imechekesha familia kwa miaka mingi, na hakuna sababu ya kuacha kuicheka leo. Ila muikumbuke.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, kisha akasoma sekondari miaka miwili. Mwalimu wake wa hesabu alimwambia mama yao, "Huyu mkono wake hujibu haraka, mdomo wake hauna haraka hata kidogo." Mwaka 1974 alijiunga na chuo cha ufundi wa magari, akahitimu Novemba 1975, na hakuna aliyeshangaa alipokuwa wa pili darasani.

Jumatatu, tarehe 5 Januari 1976, alianza kazi katika gereji ya malori ambako alifanya kazi mpaka alipostaafu. Mafundi mliokuja leo mnaijua yadi ile: mashimo mawili ya kuingilia chini ya gari, kuta zilizokolea grisi mpaka usawa wa bega, na kompresa inayonguruma kama mgonjwa wa pumu. Huko ndiko alikopewa jina. Kila kijana mpya alimwambia, "Kaza, halafu kaza tena." Alikuwa fundi hodari, na asiyelikubali hilo amekuja mazishi yasiyomhusu.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja ambayo wageni hawaijui, na bila hiyo hamtaelewa yanayofuata. Nati za gurudumu la lori hukazwa mikono miwili. Mkono wa kwanza, gari likiwa juu ya jeki. Mkono wa pili, gari likishashushwa chini, kwa spana ndefu iliyovikwa bomba ili uzito wote wa mtu uingie. Baada ya hapo fundi anapaka nati rangi, na kila fundi ana kopo lake la rangi yake. Buluu ilikuwa ya Kaza. Nyeupe ilikuwa ya rafiki yake mkubwa, fundi aliyeitwa Taratibu kwa sababu hakuna dereva aliyewahi kumharakisha. Mwenye gereji alikuwa akisema, "Rangi ni kiapo. Ukipaka hujakaza, umeapa uongo."

Kaza ndiye aliyemleta Taratibu nyumbani mwaka 1978, akamweka mbele ya dada yake kama mtu anayenadi bidhaa: "Dada, mtazame vizuri. Huyu akikaza nati, hata Mungu mwenyewe atatafuta spana." Dada alimtazama vizuri. Mwaka uliofuata Taratibu akawa mume wake, na Kaza na Taratibu wakawa mashemeji.

Kaza naye alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, na mkata vitambaa wa kiwanda cha kushona sare, ambaye leo ni mjane wake. Walibarikiwa watoto watatu. Miaka ile ya mwanzo wifi hakuiona raha, kwa kuwa Kaza alikuwa amejifunza kunywa, na kila alichojifunza alikijua vizuri. Wifi hajawahi kumsema nje. Leo amesema aandikwe hivyo hivyo.

Siku ya Jumatano, tarehe 9 Agosti 1989, mwenye gereji hakuwepo, na mafundi waligawana magari wenyewe. Lori la saruji lilikuja kubadilishwa beringi ya gurudumu la nyuma. Kaza alilichukua. Alikuwa ametoka mapumziko ya chakula, ila hakuwa amekula, alikuwa amekunywa. Alifunga gurudumu, akakaza mkono wa kwanza, akashusha jeki. Dereva alikuwa akipiga honi, "Fundi, nachelewa!" Kaza akafungua kopo lake la buluu, akakuta rangi imekauka kama ukoko. Kopo la Taratibu lilikuwa wazi pale pembeni, na mwenyewe alikuwa shimoni chini ya gari jingine. Kaza akachovya brashi humo, akapaka nati zote nyeupe, akalipiga bodi makofi mawili, akasema, "Twende!" Mkono wa pili hakuukaza. Hakukusudia kumtega mtu. Rangi yake ilikuwa imekauka, basi, akaazima. Dhambi nyingi kubwa huanza kwa kuazima kitu kidogo ambacho mwenyewe hayupo.

Gurudumu lilichomoka kwenye mteremko wa barabara ya viwandani. Lori likalala ubavu. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Utingo, aliyekuwa amekaa juu ya mifuko, hakutoka. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, mtoto wa pekee wa mama mmoja mshona magodoro.

Nati zilizookotwa zilikuwa nyeupe. Mwenye gereji aliulizwa nyeupe ni ya nani, akajibu anavyojua. Dereva aliulizwa ni fundi gani aliyemhudumia, akasema mafundi wote walivaa ovaroli moja na uso mmoja wa grisi, na yeye alikuwa akiangalia saa, si sura. Taratibu alisimama kizimbani akasema maneno machache, "Rangi ni yangu. Kazi si yangu." Watu wakacheka. Kisha Kaza akaulizwa. Mlango ulikuwa wazi hapo, mpana, wa kupita lori. Akasema, "Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye gari jingine."

Taratibu alifungwa miaka minne. Alipokuwa akishushwa ngazi za mahakama, mama wa utingo alimsogelea akamwambia, "Mikono yako isijue kazi tena." Akamwambia mtu asiyehusika. Mhusika alikuwa nyuma yake hatua chache, amemshika dada yake bega, akimwambia, "Jikaze, Dada."

Nyumba ya mfungwa haikai kwa machozi. Dada wa marehemu alianza kununua vyuma chakavu mlango kwa mlango, na kazi hiyo ikamfundisha kuliko shule. Kaza katika miaka ile alikuwa mwema kupita kiasi. Kila Jumamosi alikuja kuziba bati, kutengeneza mkokoteni, kuwaletea watoto viatu. Mtu wa soko anajua: muuzaji akishusha bei kabla hujafungua mdomo, igeuze bidhaa uitazame chini. Dada yake aliigeuza. Alimuuliza mara moja tu, jikoni, "Kaza, lile gurudumu nani alilifunga?" Akajibu, "Dada, usiniue." Dada akaendelea kumenya viazi. Alikuwa amejibiwa.

Sasa tufike kwenye wokovu wake, ambao wanakwaya mnaungojea. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 2 Juni 1991, Kaza alianguka mferejini nyuma ya kanisa hili, akalala humo. Asubuhi kina mama wa kwaya waliokuja kufagia walimvuta miguu wakidhani ni gunia. Aliingia ibadani na tope limemkaukia mwilini, akapita katikati ya watu mpaka mbele, akapiga magoti. Tangu siku hiyo hakuonja tena pombe. Hili ni kweli, na wifi ni shahidi. Aliinuka mtu mwingine. Alirudi nyumbani mapema, alijua watoto wake wapo darasa gani, aliimba besi, alitembelea wagonjwa wodini, alitengeneza milango ya wajane na baiskeli za wachungaji bila kutaka hata asante. Maisha mapya aliyapokea kwa mikono miwili, hayakuwa maonyesho. Tunaomzika hatuziki mnafiki. Angekuwa mnafiki, wasifu huu ungekuwa mfupi na mwepesi.

Ila aliokoka shemeji yake akiwa bado ndani. Alizaliwa mara ya pili, na mwenzake akabaki gerezani akitumikia madhambi ya kuzaliwa kwake kwa kwanza.

Ushuhuda wake mnaujua kwa moyo. Mfereji. Tope. Kina mama na gunia. Watu walicheka, wakalia, wakasema amina. Kwa zaidi ya miaka thelathini mfereji ule ulishuhudiwa mpaka ulipozibwa na manispaa, na hata ulipozibwa Kaza aliendelea kuanguka humo kila ushuhuda. Alisema, "Nilikuwa mwenye dhambi nyingi." Nyingi ni neno zuri la kujifichia. Ukisema nyingi, hakuna atakayekuuliza ipi.

Mchungaji ametoa ruhusa lisemwe hili: siku ile ile ya Juni, Kaza alimweleza yote ofisini. Mchungaji akamwambia, "Mungu amekusamehe. Sasa inuka uende kwa ndugu yako." Kaza aliisikia sentensi ya kwanza, akainuka nayo. Ya pili aliiwekea wiki ijayo, na wiki ijayo ikamfuata mpaka uzee. Mchungaji anasema alimkumbusha kila mwaka. Tunamshukuru. Mwaka una siku nyingine pia.

Taratibu alitoka Oktoba 1993. Hakuna gereji iliyomtaka, na yeye hakubisha hodi. Akawa mtunza bustani wa shule, na tangu hapo hakugusa spana, hata mtoto akileta baiskeli. Mashemeji hao walikutana kila Jumapili mlangoni pa kanisa. "Bwana asifiwe, shemeji." "Amina." Hayo ndiyo maneno waliyobadilishana kwa miongo mitatu. Kaza akawa msimamizi wa mafundi, akawa mzee wa kanisa, akastaafu mwaka 2016 kwa heshima zote. Mama wa utingo alifariki mwaka 2002 akimlaani Taratibu mpaka pumzi ya mwisho. Kanisa ndilo lililomzika, na Kaza aliimba besi kwenye mazishi yake. Waliokuwepo wanasema aliimba vizuri kuliko siku zote.

Mwezi wa Septemba 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Januari 2024 madaktari walisema ni saratani ya koo. Wakasema watampasua tarehe 11 Machi na kumwondolea sauti yote, ili abaki na uhai. Kaza alikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, kofia magotini, akamwambia dada yake kwa ile sauti iliyobaki:

"Dada, nikifa, wewe ndiye utakayesoma wasifu. Uandike humo kwamba zile nati zilikuwa zangu."

"Nikuandikie ukifa?"

"Siku ya kuzika. Watu wote watakuwepo."

"Wote isipokuwa wewe. Yaani uharibu wewe, nitengeneze mimi, na mtu akitaka kukujibu ainamie shimo. Hapana, baba. Hiyo siinunui."

"Bwana alishanisamehe, Dada."

"Najua. Nimesikia tangu mfereji una maji. Lakini Bwana hakulala gerezani miaka minne. Aliyelala yuko kwangu anamwagilia maua."

Kaza akapandisha bei kidogo: "Basi nitamwambia yeye mwenyewe. Chumbani, sisi wawili."

"Yeye anajua. Hivi aliyeumwa ahadithiwe habari za jino?"

"Na Mchungaji awepo."

"Mchungaji naye anajua! Unaniuzia mzigo wangu mwenyewe, Kaza."

"Kanisani siwezi. Wale watu wananiita mzee wa kanisa."

"Silitaki kanisa. Alichafuliwa gerejini, asafishwe gerejini. Na iwe kabla ya tarehe kumi na moja, kabla hawajakutoa hiyo sauti. Bei yangu ni hiyo, na haishuki."

"Vijana wa sasa pale hata hawanijui."

"Watakujua."

Mchungaji, aliyekuja kumwombea, aliwakuta hapo. Alisema kwa upole wake, "Mama, msamaha hauna bei. Ni neema, ni bure."

Dada akamjibu, "Mchungaji, mimi ni mtu wa soko. Kitu cha bure lazima kuna mtu amekilipia."

"Ndiyo. Amelipa Yesu, msalabani."

"Nakubali. Na mume wangu naye alilipa kidogo, pembeni. Yeye hakuulizwa."

Mchungaji alilikubali hilo, na dada wa marehemu anamheshimu kwa kulikubali. Alikaa upande wa pili wa benchi, akamwambia Kaza, "Hukwenda kwa sababu uliogopa kuupoteza msamaha ukiutaja. Huwezi kuupoteza. Ndiyo maana unaweza kwenda." Kaza alilia hapo, kwa mara ya kwanza bila mfereji. Akauliza, "Na wewe, Dada? Nikienda, utanisamehe?" Akajibiwa, "Hiyo sijaileta sokoni. Nenda kwanza."

Jumanne, tarehe 5 Machi 2024, alipelekwa gerejini mchana, mafundi wakiwa wamemaliza kula. Mwenye gereji, ambaye sasa ni mzee sana, alikuwa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni. Taratibu alikuja kwa kudanganywa na mkewe kwamba kuna vyuma vya kupakia. Hakuwa ameingia yadi ile tangu 1989. Alipomwona Kaza amesimama kando ya shimo, ameshika nguzo, alimwambia mkewe, "Hivi ndivyo vyuma vyenyewe?" Lakini hakuondoka.

Kaza alisema. Hakuna aliyesikia.

"Zimeni hiyo kompresa!" mwenye gereji akafoka. Kompresa ikakohoa, ikanyamaza.

Kaza alisema tena. Waliokuwa mbele walisikia, wakaangalia chini. Vijana waliokuwa nyuma na matairi wakaulizana, "Kasemaje mzee?" "Sijui. Anaomba maji?" "Mpeni maji basi!"

Alijaribu mara ya tatu, sauti ikakatika. Akamgeukia shemeji yake, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu naye kuliko wote, na hakuwa na mtu mwingine wa kumgeukia. Taratibu akakunja mikono ya shati, mmoja, halafu wa pili, kama anayeanza kazi. Kisha akawageukia vijana, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Anasema gurudumu la lori la saruji alilifunga yeye. Anasema hakulikaza mkono wa pili. Rangi ilikuwa yangu, kazi ilikuwa yake. Anasema yule utingo alikufa kwa mkono wake, na mimi nikafungwa kwa mdomo wake." Akamgeukia Kaza. "Ndivyo ulivyosema, shemeji?"

Kaza akaitikia kwa kichwa.

"Kuna lingine?"

Lilikuwepo. Taratibu alilazimika kuinama, sikio lake likagusa midomo ya Kaza.

"Na hilo je?" kijana mmoja akauliza. "Kasemaje?"

"Hilo ni langu," Taratibu akasema.

Mwenye gereji alijaribu kusimama, akashindwa, akavua kofia akiwa ameketi. "Na mimi ndiye niliyesema nyeupe ni ya Taratibu," alisema. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Wengine walisema siku ile waliona utukufu. Dada wa marehemu aliona mtu aliyenyang'anywa jina lake, na siku ya kurudishiwa akalazimika kulibeba mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa kuwa aliyelichukua alikuwa ameitumia sauti yake yote kuimbia besi. Tusilipambe. Haki iliyochelewa hivyo huja imekonda. Ila ilikuja, na Taratibu alitembea kwa miguu kurudi nyumbani, akipitia barabara kuu ambayo kwa miaka mingi alikuwa akiikwepa.

Upasuaji ulifanyika tarehe 11 Machi kama ilivyopangwa, na Kaza hakusema tena. Kuanzia Aprili, Taratibu alianza kwenda kwake kumnyoa ndevu. Hakuna ajuaye walizungumza nini, kwa kuwa mmoja hakuwa na sauti na mwingine hakuwa na desturi ya maneno. Wifi anasema siku moja alisikia kicheko chumbani, akaingia, akamkuta Kaza anaonyesha kwa mikono jinsi shangazi alivyokwenda sakafuni na kitanda. Kisha akajipiga kifua, akaonyesha kwamba nati ilikuwa yake. Taratibu akamwambia, "Hiyo kamwambie dada yako, mimi sikuwepo." Alimwambia. Alichelewa miaka sitini na moja, lakini alimwambia.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, alasiri, nyumbani kwake, kitandani kwake. Taratibu alikuwa akimnyoa, na shavu moja lilikuwa bado na povu. Alipoona pumzi imekatika, hakupiga kelele. Alimaliza shavu la pili, akamfuta uso kwa kitambaa cha maji ya moto, ndipo akamwita wifi. Watu wamemlaumu kwa hilo. Wasimlaumu. Huyo ndiye mtu ambaye Kaza alimleta nyumbani mwaka 1978.

Jana seremala alileta jeneza hili. Taratibu alishika mpini mmoja, akautikisa, mpini ukacheza. Akaomba spana. Sisi wa nyumbani tulitazamana, kwa kuwa tangu siku ya zile ngazi za mahakama mikono yake haikuishika. Alizikaza nati za mipini yote, kisha akazunguka akazikaza mkono wa pili. Halafu akatoa mfukoni kikopo cha rangi nyeupe.

"Mzee, na rangi tena?" seremala akauliza. "Sanduku si linaingia udongoni?"

"Linaingia," Taratibu akasema, huku akipaka. "Mwenyewe akiuliza nani kakaza, ajue ni mimi."

Alama mnazoziona kwenye mipini, mkadhani ni uchafu wa fundi, ndizo hizo.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja na shemeji mmoja. Mungu amemsamehe, Mchungaji amelithibitisha, na dada yake habishani na Mwenye duka. Taratibu amemsamehe, na ametia rangi. Mama wa utingo hakuulizwa na hawezi kuulizwa tena. Deni lake yuko Mmoja tu awezaye kulisema limekwisha, na hapo ndipo hata mtu wa soko anapokosa la kusema. Dada wa marehemu yeye bado yuko kwenye bei. Kaza alilijua hilo, alimshika mkono kabla hajafa, na hakumharakisha.

Basi alale, mdogo wetu, katika amani aliyopewa bure na wengine wakailipia. Na siku parapanda itakapolia, atakayekuja kumfungua aje na spana.